Kuipata meseji ya kazini bila kuskroli hadi juu

Ofisi nyingi za utalii Mji Mkongwe, Zanzibar, na hoteli za Paje, Nungwi na Kiwengwa, zinaendeshwa kwa meseji. Bei ya boti imo kwenye grupu la WhatsApp la madereva. Orodha ya wageni imo Slack, programu ya meseji za ofisi, kwa sababu mwenye hoteli yuko Ulaya na ndivyo alivyotaka. Mkataba wa wakala umo Teams, programu nyingine ya aina hiyo. Risiti ya mafuta ilipigwa picha ikatumwa kwa mhasibu peke yake, saa 5 usiku. Hakuna kilichopotea. Ila mgeni kasimama mapokezi, anasema safari ya kisiwa cha Mnemba alishailipia tangu wiki mbili nyuma, na wewe kidole kimo kwenye kioo unapandisha tu.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mtu wa mapokezi, wa buking na wa hesabu. Wa skuli au wa wizarani naye utamfaa, magrupu ni yale yale.

Hatua ya 1: Kadiria imo wapi

Kabla hujagusa alama ya lenzi ya kutafutia, jibu mambo matatu: nani aliandika, lini kwa makisio, na kwenye programu gani.

Kwenye "lini" usihangaike na tarehe kamili. Shika tukio. Ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada ya Idi? Wiki ya tamasha la Sauti za Busara, mwezi wa Februari? Siku za sherehe za Mwaka Kogwa Makunduchi, Julai? Au hoteli ilikuwa imefungwa kwa masika? Ukishalipata tukio, tarehe yake utaiona kwenye kalenda, na programu zote nitakazozitaja hapa zinakubali kutafuta kwa tarehe.

Kwenye "programu gani", fuata tabia ya mwandishi na uache sheria ya ofisi. Bosi anaweza akawa ameagiza mwaka mzima kwamba kila kitu kiwe Slack, lakini dereva wa Nungwi huenda hajawahi kuifungua tangu siku aliyowekewa. Habari yake itakuwa WhatsApp, na nusu yake itakuwa voisi.

Hatua ya 2: Tafuta kile kisichobadilika

Soma hapa kwa utulivu, maana miongozo ya kigeni haiigusi habari hii. Imeandikwa kwa lugha ambazo neno hubadilika zaidi mkiani. Kitenzi cha Kiswahili hubadilika kichwani.

Kwa kawaida programu za meseji hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno. WhatsApp ukiiandikia *hotel*, itakuletea hoteli na hotelini. Lakini ukiandika *lipa*, usitegemee amelipa, tumelipa, hajalipa wala malipo, kwani hakuna hata moja kati ya hayo linaloanza na lipa. Meseji ipo, neno uliloandika ni sahihi, na jibu linarudi kwamba hakuna kitu. Watu wengi wakifika hapo husema kutafuta hakufanyi kazi, wanarudi kuskroli.

Na sisi watu wa visiwani tuna yetu ya ziada. Mtu wa mjini haandiki "mgeni amelipa". Anaandika "mgeni kalipa", au "keshalipa", au "kesha kulipa" na nafasi katikati. Wa pili anaandika "ameshalipa", wa tatu "kalpa" kwa haraka. Ukitafuta kwa kitenzi utajaribu mara nane na bado ya tisa ndiyo yenyewe.

Basi kitenzi kiache. Tafuta kitu ambacho kila mmoja wao angekiandika vile vile:

Namba. Hii ndiyo bora kuliko zote. Namba ya buking, namba ya ndege, namba ya chumba, kiasi cha pesa, namba ya gari. Chukua mfano wa bima: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Wakala akiuliza mlikubaliana nani ailipie, tafuta *bima 44*. Mjerumani ataandika 44, dereva ataandika 44, mhasibu ataandika 44, hata kama kila mmoja sentensi yake ni ya lugha yake.

Jina la mgeni, lakini si lote. Andika herufi nne za mwanzo za jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasi. Zaidi ya hapo ndipo watu wanapokosea tahajia, na ukiliandika jina zima kwa usahihi unaweza ukaikosa meseji ya mtu aliyeliandika vibaya.

Jina la mahali, ukikumbuka kwamba mahali pamoja pana majina mawili. Kisiwa cha Changuu, madereva na manahodha wengi wanakiandika Prison. Tafuta yote mawili kabla hujakata tamaa.

Nomino ambazo umoja na wingi ni mmoja: boti, bima, risiti, bei, ndege, pasi. Hizi hazikusumbui. Chumba na mgeni zitakusumbua, kwa sababu vyumba na wageni ni utafutaji mwingine kabisa; itabidi ufanye mara mbili.

Namba nazo zina visa vyake. Shilingi laki tatu unaweza kuikuta kama 300,000, 300000, 300k au "laki 3". Tarehe kumi na mbili Julai utaikuta 12/7, "tar 12", "12 July" na "J'mosi". Saa ndiyo balaa zaidi: mtu wa hapa akiandika "saa 2" anamaanisha anachomaanisha, lakini meneja wa kigeni kaandika 8:00, na dereva aliyejifunza kwa meneja kaandika 0800. Unapotafuta muda wa kuchukuliwa mgeni, jaribu zote tatu, halafu mpigie dereva uhakikishe ni asubuhi au usiku.

Ikiwa kweli huna chochote ila kitenzi, kigeuze kiwe silaha. Fikiria kinywa cha mwandishi. Dereva akimaliza kazi huandika "nishafika", "nishamchukua", "nishalipa". Fungua meseji zako na yeye, tafuta *nisha* peke yake, na orodha ya kazi zake alizozimaliza itajipanga mbele yako. Kwa mtu wa hesabu jaribu *bado*. Deni lolote lililowahi kulalamikiwa litaibuka.

Hatua ya 3: Ndani ya WhatsApp

Fungua grupu lenyewe kwanza. Kwenye Android bonyeza nukta tatu za juu kulia. Kwenye iPhone gusa jina la grupu juu. Chagua kutafuta. Andika neno, kisha tumia mishale kwenda tokeo moja baada ya jingine.

Pale pale kwenye kutafuta pana alama ndogo ya kalenda. Kwenye Android ilikuja 2024, na wengi bado hawajaiona. Ukiigusa unachagua siku, na programu inakurusha moja kwa moja kwenye meseji za siku hiyo. Hapa ndipo lile tukio la hatua ya kwanza linapolipa. Kama unakumbuka kwamba bei ilijadiliwa siku mbili kabla ya Idi, huna haja ya neno lolote: nenda siku hiyo, usome.

Ukitaka faili au linki na hukumbuki ilitumwa grupu gani, toka nje hadi kwenye orodha ya mazungumzo yote na uguse kisanduku cha kutafutia. Utapata vichujio: picha, video, linki, sauti, hati. Gusa hati, kisha andika sehemu ya jina la faili. Kama grupu unalijua, gusa jina lake juu na uingie palipokusanywa picha, linki na hati za grupu hilo.

Kuna mbinu moja naipenda kwa sababu haihitaji kumbukumbu ya mwenzako, yako inatosha. Ikiwa meseji unayoitafuta uliijibu kwa kuinukuu, tafuta jibu lako mwenyewe. Maneno yako unayajua. Ukilipata, gusa kile kipande kilichonukuliwa na utapelekwa kwenye meseji ya asili, na picha au voisi yake ikiwa ilikuwa nayo.

Kwa mambo ya kudumu, iwekee meseji alama ya nyota. Nyota ni yako peke yako, wenzako hawaioni. Kubandika juu kunaonekana na grupu zima, lakini ni meseji tatu tu kwa wakati mmoja, kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Bei za wiki zibandikwe. Akaunti ya benki ya ofisi iwekwe kwenye maelezo ya grupu, isiwe ya kutafutwa kila mwezi.

Ukitafuta kwenye kompyuta ukakosa, rudia kwenye simu. Kompyuta iliyounganishwa hupokea meseji za karibuni, historia kamili inabaki kwenye simu.

Hatua ya 4: Slack na Teams

Hapa kutafuta kuna nguvu zaidi, ila kunataka uandike amri fupi. Amri zenyewe ni za Kiingereza na hazitafsiriki. Zinakaririwa kama zilivyo.

Kwenye Slack:

`from:@jina` huleta alichoandika mtu fulani tu.
`in:#buking` huleta kilichoandikwa kwenye chaneli fulani tu, yaani grupu la ndani ya Slack.
`after:2025-06-30 before:2025-08-01` huleta cha Julai 2025. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.
`has:link` huleta meseji zenye linki tu.
`"safari ya viungo"` ndani ya alama za kunukuu huleta maneno hayo kwa mpangilio huo.
`boti -nungwi` huleta habari za boti ukiondoa za Nungwi.

Uzuri ni kuziunganisha. Meneja akisema, "Hebu niangalizie ile bei ya boti ya Mnemba aliyotuletea wakala, nadhani kabla ya Agosti," unaandika `from:@wakala in:#bei mnemba before:2025-08-01`, ukiweka jina la akaunti yake halisi. Ukianza kuandika jina, Slack yenyewe inakupendekezea. Matokeo yakiwa mengi, badilisha mpangilio uanze na mapya, kwani Slack hupenda kuanza na yale inayoyaona yanafaa zaidi, na kufaa kwake si lazima kuwe kufaa kwako.

Nyota ya kibodi inafanya kazi ukiiweka mwisho wa neno, baada ya herufi zisizopungua tatu: `mgen*`, kisha `wagen*`. Mwanzoni mwa neno haikusaidii, kwa hiyo yale ya hatua ya 2 yanabaki pale pale.

Kama unatafuta mahali na si meseji, yaani unataka kufika kwenye chaneli au kwa mtu, usihangaike na orodha ya pembeni. Bonyeza Ctrl na K, andika herufi tatu, Enter. Mwenye Mac atumie Cmd. Kitufe hiki kimoja kitakuokolea muda mwingi kuliko mengine yote ya sehemu hii, na anayekizoea hana tena sababu ya kugusa ile orodha.

Teams ni hivyo hivyo kwa upole zaidi: kisanduku cha kutafutia kiko juu, na Ctrl na F hutafuta ndani ya mazungumzo uliyoyafungua. Inaelewa `from:` na `in:`, na `hasattachment:true` kwa zenye kiambatisho. Telegram, kwa wanaoitumia, inakuwezesha kutafuta ndani ya grupu kwa mwanachama mmoja au kwa tarehe.

Hatua ya 5: Picha, voisi na faili

Picha ya risiti ni picha tu. WhatsApp haisomi yaliyoandikwa ndani yake. Kwa hiyo kutafuta "Puma" au "mafuta" hakutakuletea kitu ikiwa aliyetuma hakuandika chochote chini. Njia ya kwanza ni tarehe. Njia ya pili ni jina la faili, na hii watu wa Android waijue vizuri: picha zinazoingia kwa WhatsApp huhifadhiwa kwa jina kama `IMG-20250712-WA0005.jpg`. Hizo tarakimu nane ni mwaka, mwezi na siku. Fungua programu ya mafaili ya simu, tafuta `20250712`, na utaona vyote vya siku hiyo kutoka magrupu yote kwa pamoja. Voisi nazo zina mtindo huo huo, ila zinaanza na `PTT`.

Mhasibu ambaye kila mwezi anatafuta risiti afanye zaidi ya hapo: azipakie kwenye Google Drive. Kutafuta kwa Drive kunasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha na PDF, mradi picha imepigwa vizuri. Risiti iliyokunjwa ikapigwa picha gizani ndani ya gari haisomeki na mashine wala mtu.

Voisi ni ugonjwa wetu. Ni rahisi kwa anayesema na adhabu kwa anayetafuta, maana ya dakika tatu lazima uisikilize yote, na bei imetajwa sekunde moja. Sisemi ziachwe, dereva aliyeshika usukani hawezi kuandika. Lakini anayeipokea ofisini aijibu kwa kuinukuu na mstari mmoja: "Boti Mnemba, dola 180, tar 12/7, watu 6." Mstari huo ndio utakaopatikana mwezi wa Oktoba.

Hatua ya 6: Andika ipatikane

Ofisi ikikubaliana mambo machache, nusu ya mwongozo huu haitahitajika. Tarehe ziandikwe kwa mtindo mmoja, wowote, mradi mmoja. Pesa ziandikwe kwa tarakimu bila "k" wala "laki". Jina la mgeni na namba ya buking ziwe kwenye kila meseji inayomhusu, hata kama zilitajwa dakika tano nyuma. Meseji ya "huyo mgeni wa jana keshafika" haimsaidii mtu yeyote ila wawili waliozungumza jana.

Na mchague maneno maalumu ya ofisi, kila jambo neno moja lisilo na nafasi ambalo hakuna anayelitumia katika mazungumzo ya kawaida. BEIMPYA kwa kila badiliko la bei. KUFUTA kwa buking iliyovunjwa ni neno baya, kwa sababu watu hulisema kila siku. BKFUTWA ni bora. Msiweke alama ya reli (#) mbele yake, kwani kwenye Slack alama hiyo huanza kutafuta chaneli. Kutoka hapo, bei zote za msimu ni kuandika neno moja.

Faili nazo. "Document1 final final.pdf" ni jina la kumkomoa mwenzako. Badilisha kabla ya kutuma: mkataba, jina la wakala, mwaka.

Hatua ya 7: Ikikosekana kabisa

Umejaribu namba, jina na tarehe, na bado. Huenda haipo mbele yako kwa sababu ambayo kutafuta hakuwezi kuitibu.

Angalia kama grupu limewekewa meseji za kujifuta. WhatsApp ina chaguo la saa 24, siku 7 na siku 90, na mtu anaweza kuiwasha bila wengine kutilia maanani. Angalia ulijiunga lini. Kwa kawaida grupu la WhatsApp halimpi anayejiunga yaliyoandikwa kabla hajaingia, hivyo mfanyakazi wa msimu aliyeanza Juni asilaumiwe kwa kutoiona ya Mei. Kwenye Slack, chaneli ya faragha ambayo humo haitokei kabisa kwenye matokeo yako, wala mazungumzo ya watu wawili ambayo wewe si mmoja wao.

Halafu kuna Slack ya bure. Tangu Septemba 2022 inaonyesha siku 90 za nyuma tu. Kwa hoteli ya hapa hiyo ina maana moja mbaya: bei mlizokubaliana Januari, wakati wa kaskazi, mwezi wa Juni msimu unapofunguka hazionekani. Yaliyo muhimu yatolewe mapema yakawekwe kwenye jedwali nje ya Slack. Masika, Aprili na Mei hoteli zikiwa tupu, ni wakati wa kutosha kwa kazi hiyo, ila kwa akaunti ya bure bei za Januari zitakuwa zinakaribia kufichika au zishafichika, kwa hiyo hizo zihamishwe siku ile ile zinapokubaliwa.

Ikibaki kuuliza, uliza kwa namna itakayomrahisishia mwenzako. Usitume "kuna mtu anakumbuka ile bei?" kwenye grupu la watu arobaini. Mtumie yule unayedhani aliandika, umweleze ulipokwisha pita: "Assalam aleikum bi mkubwa, natafuta bei ya boti ya Mnemba ya buking 2217. Nimetafuta grupu la madereva tarehe 10 hadi 14 Julai na chaneli ya bei, sijaiona. Ulinitumia mimi peke yangu au ilikuwa voisi?" Akikujibu, inukuu, uandike bei na BEIMPYA chini yake.